Mkemia Apimwe kwa Mizani Gani?

Wakulima wa Kagerankanda, katika nyanda za juu za Kigoma, waijua vizuri habari ya vipimo. Msimu wa maharage na mahindi ukifika, wanunuzi hupanda na malori yao mpaka huko ndani, pande za Kasulu na Kibondo, nao huja na magunia yao wenyewe. Sheria yasema gunia lisizidi kilo 100, tena lipimwe kwa mizani iliyokaguliwa. Mnunuzi yeye hutaka lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa kwa magoti, kisha likashonewa kilemba juu. Hulipa bei ya gunia moja, akaondoka na gunia moja na ziada yake. Mkulima aliyekwisha kuonja hasara hiyo huuliza swali moja tu, nalo ni swali la haki: kipimo hiki amekiweka nani, na kwa faida ya nani?

Swali hilo hilo twataka kuliuliza leo juu ya watu ambao wakulima wale pengine hawajapata kuwaona, nao ni wataalamu wa kemia katika vyuo vikuu, hasa wale wa sayansi ya maada, wachunguzi wa vitu ambavyo binadamu hutengenezea vyombo vyake: chuma, kioo, udongo, plastiki na silika. Wao pia hupimwa, nao pia wana lumbesa yao. Msomaji asituchoke mapema akidhani kwamba habari hii ni ya mabwana wenye makoti meupe peke yao. Yamhusu baba auzaye ng'ombe ili binti yake asome sayansi. Yamhusu kila mlipa kodi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maabara hizo na mishahara hiyo hutoka katika mfuko wetu sote.

Mkemia akimaliza uchunguzi wake huandika makala na kuipeleka kwenye jarida la wataalamu. Nayo husomwa na wenzake kabla ya kuchapishwa. Mwishoni mwa makala hiyo huweka orodha ya maandishi ya watu wengine aliyoyategemea. Kila andiko lililoorodheshwa humpatia mwandishi wake alama moja, na alama hiyo ndiyo iitwayo kutajwa. Mwishoni mwa mwaka alama hujumlishwa, na mtu huambiwa: wewe umeandika makala 60, umetajwa mara 900. Katika vyuo vikuu vyetu safari ya kutoka uhadhiri hadi uprofesa hutegemea kwa sehemu kubwa makala zilizochapishwa, na katika miaka hii ya 2020 Serikali nayo imeanza kuwatuza kwa fedha watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Nia yake ni njema, wala hatuibezi. Nchi isiyosikika katika baraza la elimu hukaa kimya mambo yake yanapoamuliwa na wengine.

Mtu aliyeleta mtindo huu wa kuhesabu alikuwa Mmarekani, Eugene Garfield, ambaye naye alisomea kemia. Mwaka 1955 aliandika katika jarida la Science akipendekeza faharasa itakayoonyesha kila makala imetajwa na nani. Na katika miaka ya mwanzo ya 1960 faharasa hiyo ikaanza kutoka. Wazo lenyewe aliliazima kwa mawakili. Tangu mwaka 1873 mawakili wa Marekani walikuwa na vitabu vya Shepard, vilivyowaonyesha kama hukumu fulani ya zamani ilifuatwa, ilipingwa au ilitenguliwa na hukumu za baadaye, wasije wakasimama mahakamani wakiegemea hukumu iliyokwisha kufa. Angalia basi jinsi chombo hiki kilivyozaliwa. Kilikuwa taa ya kumulikia njia, ili mtafiti apate kulifuata wazo kutoka mkono hadi mkono. Kumpimia mtu cheo na mshahara kulikuja baadaye. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California alirahisisha mambo zaidi kwa kutoa namba moja: mtu mwenye makala 20, ambazo kila moja imetajwa mara 20 au zaidi, namba yake ni 20, hata kama ameandika makala 100. Tangu hapo imekuwa rahisi kuilinganisha miaka 30 ya kazi ya mtu mmoja na miaka 30 ya kazi ya mwingine kwa kutazama tarakimu mbili, na kwenda nyumbani mapema.

Hata hivyo tusiitukane mizani hii kabla ya kuikumbuka ile iliyoitangulia. Kabla ya hesabu, mtu alipandishwa kwa kujulikana na wakubwa, kwa kusoma chuo chenye jina, kwa kuwa mwana wa fulani, na mahali pengine kwa kabila lake au kwa rangi ya ngozi yake. Hesabu ya kutajwa ina wema huu, kwamba haimtazami mtu usoni, au angalau ndivyo inavyotakiwa iwe. Kijana wa Kasulu akiandika jambo la kweli katika maabara ya Dar es Salaam, na mtaalamu wa Japani akalitumia, alama huandikwa bila kuuliza baba yake ni nani. Tena kutaja ni adabu. Anayemtaja mwenzake akiri deni: jambo hili sikulianzisha mimi, nalipata kwa fulani. Katika desturi zetu mtu asiyemtaja aliyemfundisha huhesabiwa kuwa mnyimi, au mwizi. Wataalamu wamefanya vyema kuiwekea adabu hiyo kanuni na maandishi.

Tatizo ni kwamba kipimo kikishafungamanishwa na fedha huanza kuoza. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alilieleza jambo hili mwaka 1975 akizungumzia sera ya fedha: kipimo kikigeuzwa kuwa chombo cha kutawalia, hakiaminiki tena. Hali ni hiyo hiyo kwa wakemia. Uchunguzi mmoja hukatwa vipande vitano ili zipatikane makala tano. Watu kumi huandikana majina katika kazi iliyofanywa na wawili. Mtu hujitaja mwenyewe, kisha rafiki humtaja rafiki, na rafiki hulipa. Hiyo ndiyo lumbesa ya wasomi; tofauti yake na ile ya Kagerankanda ni kwamba huku anayeshona kilemba ni muuzaji.

Mifano ipo, nayo si midogo. Katika maabara mashuhuri za Bell huko Marekani alikuwapo mwanafizikia Mjerumani, Jan Hendrik Schön, aliyechunguza mata zinazoweza kutumiwa katika vyombo vya elektroniki. Mwaka 2001 jina lake lilionekana katika makala mpya kwa wastani wa kila siku nane, nyingine katika majarida makubwa kuliko yote. Dunia ilishangilia, zawadi zikamjia. Kisha wenzake waliokaa chini wakazisoma makala hizo kwa makini wakagundua jambo la ajabu: michoro ya majaribio tofauti ilikuwa na mikwaruzo midogo iliyofanana kabisa, ile mikwaruzo ya bahati nasibu ambayo haiwezi kujirudia. Tume iliyoundwa kuchunguza ilitoa taarifa Septemba 2002 ikasema kwamba alibuni na kupotosha matokeo. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Konstanz kikamnyang'anya shahada yake ya udaktari. Yafaa kuzingatia kwamba hesabu haikumgundua. Hesabu ndiyo iliyompamba. Waliomgundua ni watu waliosoma.

Tena mwaka 2023 dunia ilipata habari ya mkemia mmoja wa Hispania, ambaye alikuwa katika orodha ya watu wanaotajwa kuliko wengine duniani. Chuo Kikuu cha Córdoba, kilichomwajiri kwa muda wote, kilimsimamisha kazi bila mshahara kwa miaka 13, kwa kuwa alikuwa akiandika juu ya makala zake majina ya vyuo vingine, vya Saudia na vya Urusi. Kwa nini chuo cha mbali kitamani jina lake? Kwa sababu vyuo navyo hupangwa kwa daraja, na kutajwa kwa mtu huyo humwagika juu ya chuo anachokiandika. Mwaka huo huo kampuni ya Clarivate, iliyoirithi kazi ya Garfield, iliwaondoa watu zaidi ya 1,000 katika orodha yake ya wanaotajwa sana, baada ya kutilia shaka namna walivyozipata alama zao. Hata mwenye mizani, basi, amelazimika kuanza kukagua magunia.

Lakini wezi si hoja yetu kubwa. Mwizi akikamatwa mambo hueleweka. Kinachotusumbua zaidi ni habari ya mtu mwaminifu, asiyeiba wala kudanganya, ambaye mizani hii yampinda polepole bila yeye kujua.

Tumfikirie mkemia kijana aliyerudi kutoka masomoni, akapewa maabara ndogo katika mji wa Arusha. Ukanda ule, pande za Mlima Meru na Bonde la Ufa, una visima vyenye madini ya floridi kupita kiasi, kwa kuwa miamba yake ni ya volkano. Shirika la Afya Duniani lashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja. Huko kuna visima vinavyozidi kiwango hicho mara nyingi. Meno ya watoto huwa ya kahawia, na wanaokunywa maji yenye floridi nyingi zaidi kwa miaka mingi mifupa yao hupinda. Huko Ngurdoto kuna kituo cha Serikali ambacho kwa miaka mingi kimechuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kijana wetu akiamua kuchunguza kisima cha kijiji kimoja, ajue kwa nini chujio latenda kazi miezi mitatu kisha lachoka, kazi hiyo itamchukua miaka miwili. Mhariri wa jarida kubwa la ng'ambo aweza kumjibu kwa adabu kwamba jambo hilo ni la mahali pamoja mno. Akichapisha katika jarida dogo, atatajwa na watu wanane. Akiamua badala yake kuandika juu ya grafini, ile karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, ambayo tangu mwaka 2004 imeandikiwa makala kwa maelfu, atajiunga na umati mkubwa ambamo kila mtu humtaja kila mtu. Na hata asipoongeza kitu, huenda akatajwa mara 80. Kamati ya vyeo itakutana mwezi wa sita. Atachagua nini? Ana watoto, ana wazazi, ana wadogo zake wa kuwalipia ada.

Hapo ndipo penye jambo zito la maadili, wala si katika makosa ya hesabu. Mizani hii hupima kama mtu anasikilizwa na wenziwe wa kazi. Hicho ni kitu cha kweli, chastahili kupimwa. Lakini ikishikwa kama mizani pekee, humfundisha mtu amsikilize nani. Na wenye kisima kile si miongoni mwa wanaotoa alama. Hawaandiki katika majarida. Mtaalamu mwema hugeuzwa macho kutoka kwa jirani yake bila kutenda kosa lolote linaloweza kuandikwa katika shtaka.

Mwalimu Nyerere alizoea kuwafananisha wasomi wa nchi maskini na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia kijijini, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake mahitaji. Asiporudi ni msaliti. Mfano huo wajulikana sana, hata umechakaa kwa kurudiwa na watu ambao hawakurudi. Sisi twaongeza swali ambalo mfano haukulijibu: kijiji kitajuaje kwamba amerudi? Mtu aweza kuwa Arusha kwa mwili, kwa mshahara na kwa nyumba, ilhali kila swali alichunguzalo limechaguliwa na watu wa Boston na Seoul.

Yupo Mtanzania mmoja ambaye habari zake zafaa kuzingatiwa hapa, Dakta Askwar Hilonga. Alizaliwa katika kijiji cha Gongali, wilayani Karatu, naye amesimulia jinsi maradhi ya maji machafu yalivyowatesa watu wa nyumbani kwake. Alikwenda Korea ya Kusini, akapata udaktari wa uhandisi wa kemikali katika Chuo Kikuu cha Hanyang. Makala alizoziandika pamoja na walimu wake zilihusu silika nyepesi yenye vitundu vidogo mno, vipimwavyo kwa nanomita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hizo zilikuwa makala za sayansi ya maada hasa, za kuhesabika na za kutajwa. Angeweza kuendelea hivyo mpaka kustaafu, wala hakuna ambaye angemlaumu. Aliporudi kufundisha katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio: chini yake ni mchanga, kama machujio tuyajuayo siku zote, na pamoja nao vitu vya nano vinavyochaguliwa kwa kufuata uchafu uliomo katika maji ya mahali penyewe. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, itolewayo na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza, akapewa pauni 25,000. Chujio hilo huazimwa kwa wafanya biashara wadogo, nao huuza maji safi kwa majirani zao.

Sasa, mtu huyo apimwe vipi? Kwa namba ya Hirsch, miaka aliyotumia kuhangaika na mchanga, ndoo, mabomba na wauza maji ni miaka iliyopotea, kwa kuwa ndoo haitajwi. Wako watakaosema upesi: basi tuzitupe namba, tumpime mkemia kwa ndoo alizojaza. Hapo sisi twasimama, hatukubali.

Hatukubali kwa sababu silika ile nyepesi ina historia yake. Mwaka 1931 mkemia Mmarekani Samuel Kistler alifaulu kuondoa maji katika jeli na kuweka hewa mahali pake bila jeli kusinyaa. Akapata kitu kigumu ambacho karibu chote ni hewa, kiitwacho aerojeli. Kilikuwa kitu cha kustaajabisha, lakini kwa miongo kadhaa kilibaki pembeni, kwa kuwa kukitengeneza kulikuwa kazi ndefu na ya gharama. Ni baadaye sana, wakemia wa Lyon, Ufaransa, walipopata njia fupi zaidi, ndipo watu wengi wakarudi kuisoma kazi ya Kistler. Mwaka 1999 Wamarekani walirusha chombo cha angani kilichobeba aerojeli ya silika ili kinase vumbi la nyota mkia, nacho kikarudi nalo salama mwaka 2006. Na vijana wa Asia na Afrika wakaandika tasnifu zao juu ya silika hiyo, Hilonga akiwamo. Mtu wa namba angempima Kistler baada ya miaka kumi, angemwona si kitu. Lakini mtu wa ndoo naye angemwona si kitu. Mkulima wa Kagerankanda angekuwa na haki ya kumwuliza, "Bwana, hiki kinanisaidia nini?" naye Kistler asingekuwa na jibu. Kweli iliyofichwa katika maumbile ya vitu haifuati kalenda ya kamati, wala haifuati njaa yetu. Nchi itakayowakataza watu wake wote wasiulize swali lisilo na faida ya kesho itakuwa nchi ya kuazima majibu daima. Twataka wawepo akina Kistler wetu, hata wachache, tuwavumilie.

Lakini kuvumilia swali ambalo faida yake haijaonekana ni jambo moja. Kumlipa mtu kwa sababu umati umemtaja ni jambo jingine kabisa. Kistler aliifuata jeli yake kwa kuwa aliipenda kuijua. Anayeifuata grafini kwa sababu inatajwa hana udhuru wa Kistler, wala hana wa Hilonga.

Turudi Kagerankanda, maana liko deni jingine ambalo hesabu hizi hazilioni. Huko muhogo ni chakula cha kila siku. Ule mchungu una sumu: ndani yake mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho muhogo ukipondeka au ukioza hukatwa na kimeng'enya cha muhogo wenyewe, kikatoa sianidi. Akina mama wa Buha, kama wenzao wa mahali pengi Afrika, humenya, huloweka siku kadhaa mpaka ulainike, huanika, kisha hutwanga au kupeleka mashineni. Kila hatua ya hizo ni kemia safi: kuloweka huivunja linamarini, maji huichukua sehemu yake, jua na hewa huipeperusha sianidi iliyobaki. Ukame wa mwaka 1985 ulipowapiga watu wa Tarime, mkoani Mara, njaa iliwafanya wafupishe kazi hiyo. Ndipo watu, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, wakapooza miguu kwa ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Kiyaka la huko Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mwaka 1990 wataalamu waliandika habari za wagonjwa 39 wa Tarime, na makala hiyo imetajwa na wengi.

Huko Canberra, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mkemia Howard Bradbury alitengeneza karatasi ya manjano ambayo huwa ya kahawia mbele ya sianidi, ili mganga wa kijijini aweze kupima unga bila maabara. Vifaa hivyo viligawiwa bure kwa wafanyakazi wa nchi maskini. Kisha akaonyesha njia rahisi mno: unga uliokwisha kusagwa uloweshwe maji, utandazwe uwe mwembamba, uachwe saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu upikwe ugali siku hiyo hiyo. Katika kijiji cha Kay Kalenge, Kongo, akina mama walifundishwa njia hiyo mnamo miaka ya 2010 na 2011, na katika muda wa kazi ile hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo. Makala za Bradbury zimetajwa, tena si haba. Lakini ukiziweka kando ya zile za grafini ni kibaba mbele ya ghala. Tuseme basi kwamba alifanya kazi ndogo?

Na wale akina mama? Twasema kutaja ni kulipa deni. Kuloweka muhogo kulijulikana vijijini kabla ya mkemia yeyote kuja na chupa zake. Kama vile wachemshaji wa chumvi wa Uvinza, katika mkoa huo huo wa Kigoma, walivyojua kuigeuza kuwa chumvi nyeupe ile maji ya chemchemi, kwa muda unaopita miaka 1,000. Orodha iliyo mwishoni mwa makala haina mahali pa kumwandika mama wa Kasulu. Hatumlaumu mtaalamu mmoja mmoja. Mama huyo hakuchapisha. Ila mtu anayejua kwamba daftari la madeni lina kurasa zilizokosekana hana budi kulisoma kwa unyenyekevu.

Desemba 2012 wahariri na wanasayansi walikutana San Francisco, na mwaka uliofuata wakatoa tamko kwamba ukubwa wa jarida usitumiwe kumpimia mtu mmoja mmoja. Kazi yenyewe ndiyo ipimwe. Vyuo vingi duniani vimetia sahihi. Kutia sahihi ni rahisi. Sababu inayofanya namba zipendwe si uovu, ni uvivu, pamoja na woga wa kulaumiwa: mjumbe wa kamati akisema "namba yake ni 12" hakuna wa kumgombeza, lakini akisema "nimeisoma kazi yake, naiona njema" yampasa kuitetea. Twawaomba wajumbe hao, ambao wengi wao husoma gazeti hili majumbani mwao, wafanye jambo moja. Mwombaji akileta orodha ya makala 60, wamwambie achague tatu. Wazisome mpaka mwisho. Wamwulize kila swali lilitoka wapi, na ni nani aliyengoja jibu lake. Na kama hakuna aliyengoja, wamwulize ni kitu gani kilichomvuta kulifuata. Atakayejibu kama Kistler watamjua kwa macho yake. Atakayejibu kwa kutaja jina la jarida, naye watamjua.

Chujio lililotengenezwa kwa ajili ya floridi ya Arusha haliwezi kuchukuliwa hivi hivi likapelekwa Kagerankanda, kwa kuwa vitu vya nano huchaguliwa kwa kufuata maji, na maji ya miombo ya Kigoma si maji ya volkano. Lazima mtu apande gari mpaka Kasulu, aendelee kwa barabara ya vumbi, ateke maji katika chupa kisima kwa kisima, kiangazi na masika, arudi ayapime, aandike. Kazi hiyo ina makala moja ndani yake, labda mbili.